Samaki Wetu, Bei ya Mgeni: Maneno Machache Juu ya Kula Nje Hapa Uvira



Katika vijitabu kama hiki tumezoea kusoma juu ya mahari, kilio, majina ya watoto na ngoma za mavuno. Mara hii tunaleta sahani ya resto. Mtu asishangae. Namna watu wanavyomlisha mtu aliyetoka nje ni desturi sawa na ndoa, tena inaonekana mara nyingi zaidi, kwa sababu ndoa inafungwa Jumamosi lakini njaa inakuja kila siku. Desturi hiyo, hapa kwetu Uvira, inaharibika mbele ya macho yetu, na kila mtu ananyamaza, anatoa pesa, anakwenda zake.

Basi tuseme wazi tangu mwanzo. Chakula kinachouzwa katika resto nyingi za mji na katika hoteli za kando ya ziwa, tangu Kavimvira mpaka Kalundu, hakilingani na bei yake. Kinachelewa, kinakuja kimepoa, ni kidogo, na mara nyingine sicho kile mtu alichoagiza. Wenye resto wanatuambia kosa ni la ziwa. Sisi tunasema ziwa lina sehemu yake, lakini kosa kubwa liko juu ya nchi kavu: ni namna ya kuuza kwa kuficha, na ni kimya cha wanaokula.

Wako watakaosema kwamba mji huu una matatizo makubwa kuliko mukeke. Ni kweli. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kubeba nyumba. Miaka iliyofuata maji ya ziwa yalipanda mpaka yakaingia katika nyumba za watu wa pwani. Desemba 2025 vita viliingia mjini kwenyewe, na maelfu ya ndugu zetu wakavuka kwenda Burundi. Lakini njo kwa sababu hiyo tunaandika. Mtu aliyepoteza mengi anahesabu vizuri kidogo alichobaki nacho, na akidhulumiwa sahani moja ya chakula anaumia mara mbili.

MGENI ALILISHWAJE?

Uvira haikuanza jana kupokea wageni. Aprili 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika hapa kwa mitumbwi kutoka Ujiji, wakitafuta habari za mto Ruzizi. Hawakukuta jangwa. Wafanyabiashara wa pwani ya bahari walikuwa wamekwisha kufika mbele yao, kwa biashara ya pembe za ndovu na, kwa aibu ya historia, ya watumwa pia. Novemba 1871 Livingstone na Stanley nao walifika kaskazini ya ziwa, wakaona kwa macho yao kwamba Ruzizi inaingia ziwani, haitoki. Wote hao walikula. Hakuna aliyewapa karatasi ya bei.

Sheria za kulisha mgeni hazikuandikwa popote, lakini mtoto mdogo wa pwani hii, awe Mvira, Mfuliiru, Mbembe au mwingine, alikuwa anazijua. Maji ya kunawa yanatangulia chakula. Moto uko uani, mgeni anaona moshi na anasikia harufu, hana haja ya kujiuliza wanapika nini. Kama samaki ni mmoja, anaambiwa ni mmoja. Kama hakuna samaki, anapewa sombe na anaambiwa: "Leo ziwa limetunyima." Hapo hapana aibu. Aibu ilikuwa ni kumdanganya mgeni juu ya kile kilichowekwa mbele yake.

Hatusemi resto igeuke nyumba ya shangazi. Resto ni biashara, na mtu wa biashara lazima apate faida, la sivyo kesho atafunga. Lakini biashara ya kulisha watu imekopa kila kitu kutoka nyumbani: moto, sufuria, sahani, hata neno "karibu". Ikiwa imekopa neno "karibu", ikope na ukweli wake.

KULA NJE KULIKUJAJE?

Zamani za baba zetu, mtu wa kula nje alikuwa ni yule ambaye kazi imemweka mbali na nyumba: mbeba mizigo wa bandari ya Kalundu, dereva wa lori aliyeshuka na barabara ya Bukavu, mama wa soko asiyeweza kuacha meza yake. Kwa ajili ya hao, mama mmoja aliweka mawe matatu na sufuria. Hiyo ndiyo malewa. Neno lenyewe limetoka Kinshasa, na mwaka 2009 Werrason aliliingiza katika jina la albamu yake, Techno Malewa, likavuma mpaka huku kwetu. Tanzania mama huyo wanamwita mama ntilie, maana mtu anafika na kusema "nitilie", na kwa heshima zaidi wanamwita mama lishe. Sahani yake tunaijua sote: ugali wa muhogo, ndagala katika mawese, sombe, maharage. Bei inajulikana mbele ya mtu kukaa chini.

Halafu vikaja vita vya 1996 na vya 1998, na nyuma ya vita wakaja watu wa kusaidia. MONUC, iliyoanzishwa mwaka 1999 na kubadilishwa jina kuwa MONUSCO mwaka 2010, ilikuwa na watu wake hapa, na mashirika mengi yakafungua ofisi. Hatuwalaumu kwa kuja. Lakini walikuja na mshahara wa dola na perdiemu, na mwenye resto aliangalia mfuko wao, akaandika bei. Mgeni aliyezoea kulipa hivyo kwao hakuuliza kitu. Mwenyeji aliyekaa meza ya pili akapewa bei ile ile, pamoja na mshahara wake wa ualimu. Juni 2024 MONUSCO ilimaliza kuondoka Kivu ya Kusini. Kofia za buluu zimekwenda, bei zao zimebaki zimekaa kwenye viti vyao.

YALE TULIYOYAONA

Tutoe mfano mmoja. Jina la mahali tunaliacha, maana hatutaki kumpiga mmoja kwa kosa la wengi.

Tulikuwa watu wanne, saa saba mchana, kando ya ziwa. Karatasi ya bei ilikuwa na kurasa sita: mukeke wa kuchoma, mukeke wa mchuzi, kuhe, sangala, kuku, mbuzi, na majina ya Kifaransa ambayo hata mwalimu wa Kifaransa aliyekuwa pamoja nasi aliyasoma mara mbili. Tukaagiza mikeke minne. Msichana wa kuhudumia akaenda jikoni, akarudi: "Ba Papa, mukeke iko mbili tu." Tukaomba kuhe. Akaenda, akarudi: "Kuhe imeisha. Iko kuku." Basi, mikeke miwili na sahani mbili za kuku. Chakula kilifika saa tisa na nusu. Mukeke ulikuwa umeondolewa kichwa na mkia, umebaki kipande cha katikati katika sahani nyeupe kubwa kama usukani wa lori, na pembeni karoti iliyochongwa kama ua. Kuku alikuwa wa barafu, karibu na mfupa bado ana baridi.

Fakture ilikuja haraka kuliko chakula. Ugali, ambao tangu zamani unatembea pamoja na samaki wake, ulikuwa na mstari wake peke yake. Ndizi mstari wake. Hata pilipili ilikuwa na mstari wake! Bei iliandikwa kwa dola. Tulipotaka kulipa kwa franka, tukahesabiwa kwa kima cha nyumba, kima ambacho hakuna mbadilisha pesa wa barabarani angethubutu kukitaja mbele ya watu.

Tulipouliza, yule msichana alijibu kwa sauti ya chini: "Ba Papa, mimi sipange bei. Mwezi wa pili huu, bado hawajanilipa." Hatukumwuliza tena. Lakini maneno yake yanafungua jambo. Pesa kubwa tunayoacha juu ya meza haiongezi kitu kwa mvuvi, ambaye aliuza samaki wake pwani alfajiri kwa bei ya pwani. Haifiki kwa mpishi wala kwa anayebeba sahani. Basi mtu asitwambie kwamba tukilalamika juu ya bei tunawanyima maskini riziki.

HOJA ZA WENYE RESTO

Wenye resto wana hoja zao, na ni haki kuzisikiliza.

Wanasema samaki wamepungua. Ni kweli. Mwaka 2003 mtafiti Catherine O'Reilly na wenzake walionyesha katika jarida la Nature kwamba maji ya Tanganyika yanazidi kupata joto, kwa hiyo maji ya juu hayachanganyiki vizuri na maji ya chini yenye rutuba, na chakula cha samaki kinapungua. Walikadiria kwamba mavuno ya samaki yanaweza kushuka kwa asilimia 30 hivi. Hapa hapa mjini tuna Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia, ile CRH, ambacho watu wake wanaweza kueleza habari hizi kuliko sisi. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake wa ziwa tangu 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wapate kuzaana. Tena makala ni ghali, umeme unakatika, grupu inakunywa mafuta, na watu wa taksi wanaingia mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Yote hayo tunayapokea.

Lakini mama wa malewa ananunua samaki wa ziwa lile lile, asubuhi ile ile, mara nyingi kwa muuzaji yule yule. Makala yake inatoka katika gunia lile lile. Watoza taksi hawamhurumii. Wanamsumbua zaidi, kwa sababu hana mkubwa wa kumpigia simu. Na bado sahani yake inafika ya moto, na bei yake haibadiliki kati ya kuagiza na kulipa. Kama sababu ingekuwa ziwa, malewa ingekuwa ya kwanza kufa.

Kuna na jambo la mwezi. Kila mtoto wa Kalundu anajua kwamba ndagala na mikeke inavuliwa usiku kwa taa: samaki wanafuata mwanga, na wavu unapandishwa. Mwezi ukiwa mpevu, taa inashindwa, na wavuvi wengi wanapumzika wakitengeneza nyavu. Siku hizo soko linakauka na bei inapanda. Sasa tunauliza: resto ambayo ina "mukeke wa leo" usiku wa mwezi mpevu sawasawa na usiku wa giza, bila neno moja kubadilika katika karatasi yake, mukeke huo umetoka wapi? Ama umelala katika friji ambayo umeme wake ulikatika mara tatu, ama siyo mukeke. Walaji wengi wanalalamika kwamba wameuziwa samaki wa barafu kutoka bahari ya mbali, yule anayeitwa Thomson, amekatwa vipande na kufunikwa mchuzi wa tomate. Kumla Thomson si dhambi. Amelisha jamaa nyingi katika Kongo hii. Dhambi ni kumbatiza jina la mwingine na kumwuza kwa bei ya huyo mwingine.

Na jina hilo si jina dogo. Mukeke unaishi katika Tanganyika, haupatikani katika ziwa lingine duniani. Kuhe ni hivyo hivyo. Aina moja ya ndagala wetu ilichukuliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na kumwagwa katika Ziwa Kivu, njo wale ambao watu wa Bukavu wanawaita sambaza. Miaka ya 1960 ilipelekwa mpaka Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, na kule wanaiita kapenta. Watu wa mbali wanakula kwa heshima samaki aliyetoka kwetu, na sisi tunaokaa juu ya ziwa lenyewe tunauziwa samaki wa barafu kwa jina la kukopa!

Wenye resto wanasema samaki ni wachache. Basi uchache huo ni sababu ya kusema ukweli. Andika ubaoni: "Leo hakuna mukeke. Kuna ndagala, sombe na maharage." Mlaji atakula ndagala na kushukuru. Mchele wa Luberizi na Sange uko hapo bondeni, mawese ya Baraka na Fizi yanapita barabara hii kila siku. Nani alisema sahani bila mukeke ni sahani ya aibu? Ni yule anayetaka kuuza jina, maana jina lina bei kuliko chakula.

MAJI YA KUNAWA

Ubora si ladha peke yake. Uvira ni mji unaoijua kolera, na hatuhitaji mtu wa kutukumbusha. Mwaka 2015 watafiti walitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa hapa mjini kwetu kwa miaka ya 2009 mpaka 2014. Walilinganisha siku ambazo maji ya bomba yalikatika na hesabu ya watu walioingia katika kituo cha matibabu ya kolera. Waliona kwamba baada ya maji kukatika, wagonjwa waliongezeka katika siku zilizofuata.

Mtu akisoma hayo atafikiri kwamba katika mji kama huu mahali pa kwanza pa kuweka gharama ni ndoo, bomba na sabuni. Angalia sasa. Kuna taa za rangi, kuna kipaza sauti kinachotetemesha vikombe, kuna servieti iliyokunjwa kama ndege. Ukiuliza mahali pa kunawa, unaonyeshwa nyuma, karibu na choo, bomba halina maji, na sabuni imebaki jina. Wazee wetu wasiojua kusoma walileta maji mbele ya chakula. Hawa wenye kalamu na kaunta wanaleta bia mbele ya maji.

Hapa tuwe wa haki: malewa nayo haijaokoka. Tumeona sahani ishirini zikisafishwa katika beseni moja la maji ya asubuhi, na nzi wanakula mbele ya mwenye kulipa. Tunamheshimu mama wa malewa, na kwa heshima hiyo hiyo tunamwambia: Mama, badilisha maji. Lakini yeye akikosea, amekosea kwa bei ndogo na mbele ya macho ya watu, na mtu anaweza kumsemesha. Yule mwingine anakosea nyuma ya mlango, na bei ya mlango tunalipa sisi.

DHARAU YA WASOMI

Sasa tuwageukie wasomi wa mji, maana kijitabu hiki kiko mikononi mwao. Ndio wanaoshikilia hali hii. Mkutano ukipangwa, hawataki usikike unafanyika kwa mama fulani wa Kimanga au wa Mulongwe. Lazima iwe hoteli. Mara ngapi semina ya kulinda utamaduni wetu imeisha kwa kuku wa barafu, mayoneze na chupa za fanta, wakati nje ya uzio mama anauza sombe ambayo hakuna hoteli inayoweza kuifikia? Mtoto akiolewa, wazazi wanaingia katika deni ili wageni wakae mbele ya karoti zilizochongwa, na usiku wageni wale wale wanarudi nyumbani wakiuliza: "Kulibaki ugali?"

Kuna mtu anayekwenda resto ili aonekane. Hatumkatazi. Pesa ni yake. Lakini asiseme kwamba ananunua chakula. Ananunua kiti. Na kwa sababu yuko tayari kulipia kiti, mwenye resto hana haja ya kuhangaikia sufuria. Sisi wengine, ambao tulikuja na njaa ya kweli, tunalipa pamoja naye gharama ya kuonekana kwake.

Mbaya zaidi ni kile kimya. Mtu anapewa chakula kibovu, anakunja uso, anakula nusu, analipa yote, anaacha na ya soda. Nyumbani ndipo anasema. Ukimwuliza kwa nini hakusema pale pale, anajibu: "Tutaonekana washamba." Ushamba ni nini? Mama wa soko, ambaye pengine hakumaliza shule ya msingi, akiuziwa tomate mbovu, soko zima litajua kabla ya saa sita. Yeye njo mstaarabu. Anajua kwamba pesa yake ina jasho, na hamwachii mtu nayo bila hesabu.

TUNADAI NINI?

Kulalamika peke yake ni kazi ya mvivu. Tunaweka hapa madai yetu, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

Kwanza, mlaji aonyeshwe samaki wake mbichi kabla hajapikwa, achague mwenyewe. Kisumu, kando ya Ziwa Victoria, wapo wauzaji wa pwani wanaofanya hivyo: mtu anaonyesha kwa kidole samaki anayemtaka, ndipo anaingia katika mafuta. Kama inawezekana kule, kwetu inazuiwa na nini?

Pili, bei iandikwe ukutani kwa franka, ugali ukiwa ndani, pilipili ikiwa ndani. Anayetaka kulipa kwa dola au kwa pesa ya Burundi alipe kwa kima cha barabarani cha siku hiyo. Bei isibadilike kwa sababu mlaji ameshuka kutoka gari.

Tatu, kila kitu kiitwe kwa jina lake. Thomson ni Thomson. Kuku wa barafu ni kuku wa barafu. Mukeke wa jana ni mukeke wa jana, na uuzwe kwa bei ya jana.

Nne, maji na sabuni mbele ya chakula, mahali panapoonekana. Nyumba isiyo na maji siku hiyo, siku hiyo isipike.

Tano, wanaopika na wanaohudumia walipwe mwezi ukiisha. Mtu mwenye njaa hawezi kumlisha mwingine kwa moyo. Anayefikiri kwamba hili halituhusu sisi walaji, afikiri tena juu ya chakula kinachopoa njiani kati ya jiko na meza.

Na kwetu sisi wanaokula, dai ni moja: tuseme. Tuseme kwa adabu, pale pale, kabla ya kutoa pesa. Tukikuta pahali pazuri, na mapo yapo, tulipe vizuri, tusifu kwa sauti, tupeleke wengine. Hatupendi rahisi kwa ajili ya rahisi. Wahenga walisema rahisi ghali. Mukeke mzima, wa usiku ule, uliochomwa kwa mkono unaojua moto, na ndimu na pilipili yake, unastahili bei nzuri, nasi tutailipa bila kunung'unika. Tunachokataa ni kulipa bei hiyo kwa kipande, kwa jina na kwa karoti.

Chama chetu kwa upande wake kianze. Tunapendekeza kwamba mkutano wowote wa kitamaduni tutakaouitisha ulishwe na akina mama wa malewa wa mtaa ule unapofanyika, kwa bei iliyopatanwa mbele ya wote na kulipwa siku ile ile, si baada ya miezi mitatu kwa karatasi za ofisi. Walipwe kutosha kununua sabuni na kuajiri msichana wa kubadilisha maji. Hapo tutakuwa na haki ya kusimama mbele ya hoteli na kusema: mbona hawa wameweza?

Watoto wetu wanaozaliwa Kasenga na Songo wataonja mukeke mara ngapi katika maisha yao, hatujui. Ziwa litasema lake. Lakini wakati bado upo, waujue kwa sura, kwa harufu na kwa jina lake la kweli. Mwenye resto atakayewaonyesha samaki huyo mzima, akiwa mbichi, na kuwatajia bei kabla ya kisu kumgusa, huyo tutamwita mwenyeji wetu. Yule mwingine abaki na viti vyake.